Breki ya wilichea haitoshi kwenye gari

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi nimepanda gari na kaka yangu anayetumia wilichea, dereva kavuta ile breki ya kiti kasema tayari twende, jamani! Breki ile ni ya kiti kisitembee chenyewe, gari ikigonga haisaidii kitu. Viwango vya kimataifa vipo, ISO 7176-19 cha wilichea yenyewe na ISO 10542 cha mikanda ya kuifunga kwenye gari, kiti kinajaribiwa kwa mgongano wa kama kilomita 48 kwa saa, kimeangalia mbele, kimefungwa kwenye sakafu kwa mikanda minne, mbele miwili nyuma miwili, halafu mtu naye ana mkanda wake wa nyonga na bega. Na wa nyonga ulale kwenye mwili, sio juu ya sehemu ya kuwekea mikono kama pambo. Dereva alinuna, sisi tukashuka.

Msomaji wenu