Jibini ya Parma ikifika Malindi

Juzi mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliingia dukani na kipande cha Parmigiano Reggiano, ile jibini ngumu ya Parma, kwenye mfuko wa plastiki. Alikiweka juu ya kaunta kama mtu anayerudisha kiatu kilichobanduka soli. Alikuwa amekuja nacho mwenyewe kutoka Bologna, Italia, anakoishi mwanawe. "Mwanangu, kule nilikula hii kila siku. Hapa imekuwa kama sabuni."

Nikakinusa. Kilinuka kitunguu na samaki. Kumbe kilikaa kwenye friji wiki tatu, wazi, ubavuni mwa sahani ya changu wa kukaanga.

Malindi hatuhitaji kufundishwa chakula cha Waitaliano. Tangu miaka ya 1960, walipoanza kurusha roketi zao kutoka baharini kule Ngomeni, mji huu umezoea spageti na kahawa chungu ya kikombe kidogo. Malalamiko ninayoyapata ni mengine: kitu kilikuwa kitamu Italia, kikifika nyumbani kimebadilika. Mara nyingi jibini yenyewe haina kosa. Tumeiweka vibaya tu.

Gurudumu moja la Parmigiano, yaani jibini nzima ya mviringo kabla haijakatwa, lina uzito wa kilo 40 hivi, na hula karibu lita 550 za maziwa. Ndani mna maziwa, chumvi na reneti ya kugandishia, basi. Halafu hukaa ghalani miezi 12 kwa uchache, na mengi huachwa hadi 24 au 36. Wakilifungua hawalikati kama mkate. Huchomeka visu vifupi vyenye umbo la lozi, wakavizungusha kidogo kidogo mpaka gurudumu lipasuke lenyewe, na uso wake hutoka na mikwaruzo kama jiwe la matumbawe. Zile chembe nyeupe zinazolia kwenye meno si chumvi, ni dalili kwamba imekomaa. Wapo wateja walionirudishia jibini ya miezi 30 wakidai ina mchanga.

Ukiwa safarini, tazama ganda kwanza. Jina Parmigiano Reggiano huandikwa kwa vitone kuzunguka gurudumu zima, kwa hiyo hata kipande kidogo chenye ganda kitakuwa na herufi kadhaa. Muulize muuzaji ina miezi mingapi, kisha umwambie "sottovuoto", naye ataifunga kwa mashine inayofyonza hewa. Ikifungwa hivyo haisumbuki na safari ya ndege. Ule unga wa mkebeni ulioandikwa "Parmesan" ni habari nyingine. Mwaka 2008 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba jina hilo nalo linalindwa pamoja na Parmigiano Reggiano, lakini nje ya Ulaya wengi hulibandika kwenye jibini yoyote ngumu.

Mzigo wa kwenda ni balaa zaidi. Kuna mteja alimbebea bintiye samli ya Lamu hadi Milano, ikaishia forodhani. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu. Na wakati wa kurudi, ulizia masharti ya Kenya kabla ya kujaza sanduku.

Sasa nyumbani. Jibini ina mafuta, na mafuta hunyonya kila harufu iliyo jirani. Ikunje kwenye karatasi isiyopitisha mafuta, uitie kwenye chombo chenye kifuniko, uiweke kwenye droo ya mboga chini ya friji. Usiitie freza ila kama utaikuna tu, maana ikiyeyuka inakuwa kama chokaa. Unyevu wa pwani huleta ukungu upesi. Ukiona doa kwenye jibini ngumu, kata sentimita mbili au tatu kuzunguka doa hilo, iliyobaki kula. Jibini laini ikiota ukungu usiofaa kuwapo, tupa bila huruma. Na usiile ikitoka friji moja kwa moja, baridi huficha ladha. Kwa joto letu, dakika 20 mezani zinatosha.

Kubwa kuliko yote ni kuikuna. Nani kati yetu hukuna nazi leo kwa wali wa wiki ijayo? Hii nayo ni vivyo hivyo: ikune pale pale, juu ya sahani, kiasi unachokula. Ganda usilitupe. Likwangue, kisha ulitie kwenye sufuria ya maharagwe yanayochemka. Yasiwe ya nazi lakini, maana tui na jibini hii hugombana, nimejaribu.

Mozzarella, jibini laini nyeupe ya maziwa ya nyati wa kufugwa kule Campania, kusini mwa Italia, huwa naulizwa sana, nami siiagizi. Ile huliwa ikiwa na siku moja au mbili, bado imo kwenye maji yake. Ikishasafiri wiki nzima, afadhali ya ng'ombe inayotengenezwa hapa Kenya.

Waislamu wenzangu huuliza kuhusu reneti. Ya Parmigiano hutoka tumboni mwa ndama. Si nguruwe, ila siwezi kukuhakikishia ndama huyo alichinjwa vipi. Mashehe wana kauli tofauti, na mimi si shehe. Nakwambia kilichomo, uamuzi ni wako. Tunazo pia jibini za reneti isiyotoka kwa mnyama, ulizia.

Dukani tunakata mbele ya macho yako, kuanzia gramu 100, na tunakufungia bila hewa. Hata kama umenunua kwingine, leta, tutakugawia vipande vidogo uwe unafungua kimoja kimoja. Kazi hiyo tunatoza kidogo tu, ya mifuko.

Yule mama nilimpunguzia kipande chake pande zote, kama mtu anayemenya muhogo. Cha ndani kilikuwa kizima. Nikamkatia ukucha mmoja, akautafuna taratibu, kisha akaomba mifuko mitano.

Tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi. Ijumaa tunafunga kuanzia saa sita mchana hadi saa nane.