Nondo wa nguo si yule unayempiga kofi

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, na pole kwa lile zulia. Unasema nondo umewapiga kofi ukutani mpaka umechoka, na bado sweta zinatoboka. Zitaendelea kutoboka, kwa sababu nondo anayeruka hali kitu. Hana hata kinywa cha kutafunia. Tena wengi wa hao wanaorukaruka ni madume. Majike hukimbilia kwenye mikunjo, na mmoja hutaga mayai kama 40 hadi 50, kila yai dogo kuliko kichwa cha pini. Mlaji ni kiwavi.

Huyo mtafute kwa tochi. Pindua zulia pale lilipofunikwa na sofa, kagua chini ya kola na ndani ya mifuko. Ni mweupe kama maziwa, kichwa cha kahawia, na hata akikua hafiki sentimita moja na nusu. Usipomwona mwenyewe, utaona utando mwembamba na punje mfano wa mchanga. Punje hizo ni kinyesi chake, nazo huchukua rangi ya kitambaa: ametoka kula sweta jekundu, basi ni nyekundu. Chakula chake ni sufu, hariri na manyoya. Pamba na nailoni tupu hazimfai, ila penye jasho au mchuzi uliokaukia atatafuna hapohapo. Kwa hiyo nguo uliyoivaa mara moja tu nayo usiirudishe kabatini bila kuifua.

Kabati litoe lote siku moja. Ukisafisha droo hii leo na ile wiki ijayo, watakuwa wanahama tu. Kinachostahimili maji ya nyuzi 60, fua. Sufu ingesinyaa humo, kwa hiyo ipeleke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri: tia nguo kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga, acha wiki mbili. Usishindilie bonge, maana katikati baridi haifiki na viwavi wa huko watatoka wazima. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka ile baridi iishe kabisa, usiku mzima hivi, ili unyevu ubaki nje ya plastiki usiloweshe nguo. Kuanika juani na kupiga brashi kwenye mishono kunaangusha mayai na kuwatimua viwavi, kwani wanachukia mwanga, lakini jua peke yake usilitegemee.

Zulia ndilo lenye kazi. Livute vumbi kwa mashine pande zote mbili, polepole, halafu tumia ile pua nyembamba kwenye ufa kati ya sakafu na ukuta. Mfuko wa mashine umwage nje papo hapo, la sivyo utakuwa umewahamishia nyumba tu. Rudia mara mbili kwa wiki, kwa wiki kadhaa, maana mayai yaliyobaki huendelea kuanguliwa. Ukipulizia dawa yenye permethrini pembezoni, paka wako akae mbali hadi ikauke kabisa. Ni sumu kwake.

Vile vidonge vyeupe vya naftalini, mimi sivipendi. Vinaua pale tu mvuke wake unapojaa ndani ya sanduku lililozibwa. Kwenye kabati linalofunguliwa kila asubuhi mnavuta sumu ninyi. Nguo za mtoto mchanga usiziweke navyo hata kidogo: mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, anaweza kupasukiwa na chembe hizo.

Mitego ya gundi yenye harufu ya jike hunasa madume tu, kwa hiyo haimalizi tatizo. Weka mmoja kila chumba uwe unahesabu. Wakizidi kunasa baada ya kazi yote hiyo, kuna sufu uliyoisahau: kagua vitambaa vilivyobandikwa chini ya miguu ya meza, na kiota cha zamani cha ndege darini.

Wako,
Mwanaidi