Wataalamu wa tija wanaotembeleana wafike na huku kwenye mawese

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mkamuaji wa mawese huku Mwandiga, Kigoma, tupo kikundi cha akina mama na vijana wachache, na nimekuwa nafuatilia sana hizi habari za mashirika ya taifa ya tija ya nchi mbalimbali kushirikiana, wanatembeleana, wanafundishana, wanapeana wataalamu. Nina neno moja tu, kwamba ushirikiano huu unafaa na una matunda ya kuonekana kwa macho, ila usiishie kwenye kumbi za mijini, ufike mpaka kwenye pipa la kuchemshia ngazi, yaani matunda ya mchikichi tunayokamua mafuta.

Kwanini nasema una matunda, ngoja nieleze. Dada yangu ni nesi mkoa mwingine, alikuja likizo akapita pale tunapokamulia, akasimama kama nusu saa anaangalia tu, halafu akaniuliza mbona yule mama anabeba ngazi za moto kutoka kwenye pipa anazunguka rundo la kuni ndo afike kwenye mashine? Sikuwa na jibu, kuni zilikuwa pale tangu mwanzo na hakuna aliyewahi kuzihamisha. Akanifundisha kitu walichofundishwa wao hospitali, wanaita S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yaani toa kisichohitajika, kila kitu kiwe na mahali pake, safisha, wote mfuate utaratibu mmoja, halafu msiache. Tulihamisha kuni, tukasogeza pipa karibu na mashine, madebe ya mafuta safi tukayatenga na yale ya maji, basi. Hatukununua hata msumari. Lakini siku hizi kazi iliyokuwa inatutoa saa mbili usiku inaisha jua bado lipo, na mama mmoja aliyekuwa anaungua miguu kila wiki hajaungua tena.

Sasa nilipomuuliza hiyo elimu imetoka wapi ndo nikashangaa. Ilizaliwa kwenye viwanda vya Japani, ikaenda Sri Lanka kwenye hospitali ya akina mama ya Castle Street pale Colombo, wakaijaribu hospitalini ikakubali, halafu kuanzia mwaka 2007 kupitia shirika la misaada la Japani, JICA, ikaja kwenye hospitali zetu, Mbeya wakiwa wa mwanzo. Kutoka kiwandani Japani mpaka kwa dada yangu mpaka kwenye mawese ya Mwandiga! Na hao Wajapani nao hawakujitungia wenyewe kila kitu, kituo chao cha tija kilianza mwaka 1955 na wakawa wanapeleka watu makundi kwa makundi Marekani kwenda kuangalia viwanda vinaendeshwaje. Baadaye, 1983 hadi 1990, Japani ikawafundisha Singapore, na Singapore walivyosimama wakawasaidia Botswana kujenga kituo chao cha tija. Mwaka 1961 nchi nane za Asia zilikaa pamoja zikaunda shirika lao la tija, APO, makao yake Tokyo, leo wanachama wamefika 21. Afrika nasi tunao umoja wetu wa mashirika ya tija, PAPA, na Tanzania imo ndani. Kwahiyo njia ipo, elimu inapita, tatizo langu ni kwamba inapita juu ya vichwa vyetu sisi tunaokamua kwa mikono.

Kingine ambacho wengi hawakijui, wale Wajapani mwaka ule wa 1955 waliweka misingi mitatu: tija iongeze ajira na isiwe ya kufukuza watu, wafanyakazi na wenye kiwanda washauriane, na kinachopatikana kigawanywe kwa haki. Mimi hii misingi naipenda kuliko hata hiyo S tano. Maana huku ukitaja tija mtu wa kwanza kuogopa ni mama anayelipwa kwa kuchambua ngazi, anajua mashine ikija yeye basi. Na hofu yake ni ya kweli kabisa. Kwenye kikundi chetu tulikaa tukakubaliana kwamba muda uliookolewa hao hao akina mama wautumie kubanja mise, yaani kupasua kokwa za ngazi kutoa mbegu ya ndani, maana mbegu zile tulikuwa tunaziuza kwa bei ya kutupa kwa sababu kila mtu amechoka, na pesa ya mise igawanywe kwa waliobanja. Walipoona hivyo hakuna tena aliyegoma kuhamisha vitu.

Huku Kigoma kuna maneno kila siku kwamba Malaysia walichukua mbegu kwetu ndo maana wametajirika kwa mawese. Jamani si kweli, michikichi ya kule Asia ilitokana na miche minne iliyopandwa Bogor, Indonesia, mwaka 1848. Kilichowainua Malaysia ni utafiti, usimamizi na nidhamu ya kazi, na kituo chao cha tija wanacho tangu 1962, kilianza kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na shirika la kazi duniani, leo kinaitwa Malaysia Productivity Corporation. Mbegu bora sisi tunazo, pale kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga wanazalisha aina ya mchikichi inayoitwa tenera ambayo ganda la kokwa lake ni jembamba na nyama nyingi kuliko ile dura ya babu zetu. Lakini unaweza kupanda tenera shamba zima na bado ukaharibu mafuta kwa sababu ngazi zimelala siku nne tano kwenye gunia zikisubiri pipa, wakati inatakiwa zichemshwe ndani ya siku moja baada ya kukatwa, zikikaa asidi inapanda na mnunuzi anashusha bei. Hilo sio tatizo la mbegu wala mtaji, ni mpangilio wa kazi, nani anakata lini na nani anachemsha lini, na ndo hasa kazi ya mtu wa tija.

Ombi langu kwa wizara na wanaotuwakilisha huko PAPA: mkileta mtaalamu kutoka Malaysia au Botswana au Mauritius mpandisheni treni aje Kigoma akae hata wiki mbili, pamoja na afisa wetu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, ili akiondoka elimu ibaki, na afundishe kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Waalikeni na wakamuaji wa Burundi na Kongo, tunatumia ziwa moja na mashine zao za mkono tunazifahamu, huenda kuna jambo wameshalitatua ambalo sisi bado tunahangaika nalo. Msituletee begi na kalamu. Sisi moto tunawasha saa kumi na moja alfajiri, akija muda huo atatukuta wote.

Mkamuaji wa mawese,
Mwandiga, Kigoma