Barua kwa mwanangu kuhusu nyumba ya mama yako mdogo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Umeeleza kwamba katika kikao cha ukoo mzee mmoja alisema mjane kudai nyumba ya marehemu mumewe ni "mambo ya Beijing", yaliyoletwa na Wazungu, nawe ukakosa la kumjibu. Nakuandikia ili mkikutana tena uwe nalo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukiandikwa San Francisco mwaka 1945, waliosimama kidete ili usawa wa wanawake na wanaume utajwe ndani yake walikuwa Bertha Lutz wa Brazili na Minerva Bernardino wa Jamhuri ya Dominika, ilhali Virginia Gildersleeve, mjumbe wa Marekani na mwanamke kama wao, hakuona haja hiyo. Mkumbushe mzee wetu jambo hilo, kwa adabu.

Mkataba wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake ulipitishwa mwaka 1979, na Tanzania ikauridhia mwaka 1985, mwaka uleule wanawake wa dunia walipokutana Nairobi. Na huo mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao mzee anaunyooshea kidole, katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, ziwa letu hilihili.

Lakini kesi inayotuhusu zaidi ni ya wajane wawili wa Kisukuma, waliofukuzwa na wakwe zao baada ya kufiwa na waume zao. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 halimpi mjane fungu la urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, na wanawake hao waliiomba Mahakama Kuu ilibatilishe. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzigusa, ikihofia kwamba mila nyingine nazo zingepingwa; kwangu mimi, huko ni kumwona mgonjwa na kumnyima dawa. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika hati. Walipeleka malalamiko yao kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa 1979, nayo mwaka 2015 ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao, walipwe fidia na sheria irekebishwe. Miaka kadhaa baadaye Tangazo lilikuwa bado linatumika, kwa maana uamuzi wa kamati hauna askari wa kuutekeleza.

Kwa hiyo usiishie kwenye hoja. Wiki hii fuatana na mama yako mdogo hadi Mahakama ya Mwanzo, akiwa na cheti cha kifo na cha ndoa, aulize taratibu za kuomba usimamizi wa mirathi kabla hajatangulia mtu mwingine. Na wakikuletea muhtasari wa kikao unaomtoa nyumbani kwake, usiutie saini.

Baba yako