Barua kwa Masanja kuhusu ndege nyeusi ya Duxford

Cambridge, Uingereza

Ndugu yangu Masanja,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Mimi huku sijambo, hofu ni kwako uliye mbali.

Kuna ndege kwenye makumbusho ya Duxford, hapa jirani, ambayo natamani ungeiona. Ni SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani, nyeusi tii, na ndiyo pekee ya aina yake iliyo nje ya Marekani. Hii hii iliweka rekodi ya dunia Julai 1976 kwa kuruka kwenye kimo cha mita 25,929. Wageni wengi huduwaa kwa kasi yake. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye maungio ya bati, nikikuwaza wewe na mashine yako ya kuchomelea.

Maana adui mkubwa wa ndege hii alikuwa joto. Ikikimbia mara tatu ya kasi ya sauti, bati lake lilipita nyuzi 250 za Selsiasi. Aluminiamu ingelegea. Ndipo Kelly Johnson na wahandisi wake wa kampuni ya Lockheed wakaijenga karibu yote kwa titani, metali inayostahimili joto, na titani nyingi ilikuwa kwa Wasovieti! Wamarekani wakainunua kupitia kampuni za kuficha jina, wakaunda ndege ya kuwapeleleza hao hao wauzaji.

Sasa sikiliza hili, maana ni la kwako hasa. Mwanzoni vipande vya mabawa vilivyochomelewa majira ya joto viliharibika mapema, vya majira ya baridi vikadumu. Wakafuatilia hadi wakakuta chanzo ni maji ya kuoshea vipande hivyo. Joto likizidi, mji wa Burbank, kiwanda kilikokuwa, ulitia klorini zaidi kwenye maji ya bomba ili kuua mwani. Wakaacha maji ya bomba, wakatumia yaliyosafishwa kama yale ya betri za magari. Spana nazo ziliwatesa: zilizopakwa metali ya kadimi ziliidhuru titani, bolti zikipata moto vichwa vinakatika. Wakapekua masanduku ya mafundi wote, wakazitupa.

Matangi ya mafuta hawakuyaweza kabisa. Bati lilihitaji nafasi ya kutanuka, na gundi ya kuzibia ilichoshwa na joto, kwa hiyo ndege ikiwa chini mafuta yalidondoka sakafuni. Bahati ni kwamba mafuta yale hayashiki moto kirahisi, hata ukitupia kiberiti.

Zilitengenezwa 32. Kumi na mbili ziliangamia kwa ajali, lakini adui hakutungua hata moja. Watu husifu injini na marubani. Mimi heshima yangu naipeleka kwanza kwa wale walioshuku maji ya bomba.

Msomee barua hii yule kijana wako anayelalamika kusafisha bati kabla ya kuchomelea. Nawe uniambie: ile boti ya aluminiamu ya Igombe umeimaliza? Na gesi ya agoni ya kuchomelea uliipata wapi, maana uliniambia Mwanza imeadimika?

Wako,
Rashidi