Pampu ya pumu tunapewa, kuivuta hatufundishwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie pumu, maana huku Iringa baridi ndio inaingia na najua kuna nyumba usiku wa leo hawatalala.

Mwanangu ana miaka 11, pumu ilimuanza akiwa na mitano. Miaka minne tulikuwa na pampu ndani, ile ya bluu ya salbutamoli, wengine wanaita inhela, na bado kila ikifika Juni ni kukimbizana na bodaboda saa nane za usiku, mtoto nimembana katikati yangu na dereva, kifua kinapiga mluzi na mbavu zinazama kila akivuta hewa. Tukifika anawekewa oksijeni na nebulaiza, ile mashine ya kuvutisha dawa kama mvuke, asubuhi tunarudi nyumbani, wiki mbili baadaye tena. Majirani wakawa wananiambia hiyo dawa haimfai, wengine wakasema niachane kabisa na hilo pampu maana akishalizoea hatoki tena maisha yake yote, na mi kwa uchovu nikaanza kuwasikiliza.

Halafu siku moja kliniki tukakuta nesi mmoja mama mtu mzima, hakuniuliza mimi, akamgeukia mtoto akamwambia "hebu baba nionyeshe unavyovutaga." Mtoto akaingiza pampu mdomoni bila hata kuitikisa akabonyeza mara tatu chapchapu, na sote tukauona ule moshi mweupe unatokea pembeni ya midomo na mwingine puani. Yule mama akaniangalia akasema, umeuona huo? Hiyo ndiyo dawa yenyewe, inaenda dirishani. Kwakweli niliishiwa nguvu. Miaka minne mtoto anapulizia ulimi na koo tu, dawa nanunua, hela inatoka, kifuani hakifiki kitu, na katika watu wote waliotuuzia na kutuandikia ile pampu hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hebu tuone unavyoivuta.

Alitufundisha palepale, haikufika hata dakika tano. Unaitikisa vizuri, unatoa pumzi nje kwanza, unabana midomo kwenye pampu, unaanza kuvuta taratibu na hapohapo unabonyeza mara moja tu, unaendelea kuvuta polepole mpaka kifua kijae halafu unabana pumzi uhesabu mpaka kumi. Kama unahitaji ya pili unasubiri kama nusu dakika unatikisa tena. Ila mtoto, na hata mtu mzima aliyebanwa, kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja ni shughuli, ndio maana kuna kile kichupa cha kuunganisha wanaita speisa, moshi unakaa humo kwanza halafu mtoto anavuta mwenyewe taratibu.

Sasa speisa ya dukani sikuwa na hela yake na yule nesi alijua bila kumwambia. Akasema chukua chupa ya maji ya nusu lita, pasha waya kwenye mkaa, itoboe kitakoni tundu la kukaa mdomo wa pampu kabisakabisa, ziba pembeni na gundi au selotepu hewa isipite, mtoto anaweka mdomo pale panapofungwaga kifuniko. Mi nilidhani ananipa dawa ya maskini, kumbe ni jambo lililopimwa na madaktari Cape Town Afrika Kusini wakalitoa mwaka 1999 kwenye jarida la Lancet, watoto waliobanwa walipewa chupa ya hivyo na ikafanya kazi sawasawa na speisa ya kununua, kilichoshindwa ni kikombe cha polistirini, ile plastiki nyepesi. Unaiosha kwa maji ya sabuni inajikaukia yenyewe, usiifute na kitambaa.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Hii ya bluu inafungua njia ya hewa tu, baada ya masaa manne mpaka sita imeisha kazi, uvimbe ulioko ndani ya mapafu haiugusi. Dawa ya uvimbe ni ile nyingine, beklometasoni au budesonidi, mara nyingi inakuja kwenye pampu ya kahawia (ila rangi zinatofautiana kwa kampuni, soma jina), hiyo inavutwa kila siku hata kama mtoto anaruka kamba, na matokeo yake unayaona baada ya siku kadhaa mpaka wiki, halafu ukishavuta sukutua mdomo uteme usije ukaota fangasi. Tangu 2019 miongozo ya pumu ya kimataifa imesema mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 asitibiwe kwa ya bluu peke yake. Lakini zunguka maduka ya dawa ya mitaani uulizie ya kahawia uone utakavyojibiwa. Ya bluu ipo, vidonge vipo, hiyo hawana.

Na hivyo vidonge jamani. Watu wanaogopa pampu wanasema ni kali, wanakimbilia vidonge vya salbutamoli kwa sababu ni bei rahisi na vimezoeleka. Kidonge kimoja ni miligramu 4, mpulizo mmoja wa pampu ni maikrogramu 100, yaani kidonge kimoja kimebeba dawa ya mipulizo 40, na yote inapita tumboni na kuzunguka mwili mzima ndipo kidogo ifike kifuani. Mwanangu alipokuwa anapewa vidonge mikono ilikuwa inatetemeka mpaka chai inamwagika kwenye daftari, moyo unamwenda mbio, na bado anabanwa. Ipi kali hapo?

Mhariri, tarehe 6 Mei 2025 dunia iliadhimisha siku ya pumu kwa kauli ya kutaka dawa za kuvuta zimfikie kila mtu. Mi naongeza, zikimfikia mtu aonyeshwe. Mtoa dawa wa dirishani akitoa pampu amwambie mteja avute mbele yake, ni dakika mbili tu. Na mwenye duka alete na ile ya kahawia. Walimu nao nawaomba pampu ikae kwenye begi la mtoto, shuleni kwa mwanangu pampu iliwahi kufungiwa kabatini ofisini na mwenye funguo katoka, siku hiyo Mungu alisaidia tu.

Na wazazi wenzangu, kama unanunua za bluu tatu au zaidi kwa mwaka, pampu moja ina mipulizo 200, usiseme pumu yake ndivyo ilivyo, rudi kwa daktari uulizie ya uvimbe. Akishindwa kumaliza sentensi, au ya bluu haimfikishi masaa manne, usisubiri kukuche, mpeleke. Na jiko la mkaa litoke chumbani anakolala, hata kama baridi inauma, nasi tulilitoa kwa shida maana usiku wa Julai huku unajua ulivyo.

Toka tumeshika hivyo, huu ni mwaka wa pili hatujapanda bodaboda ya usiku.

Ukiweza Mhariri chapisha na mchoro wa ile chupa, watu waone tundu linakaa wapi. Kama mchoraji atahitaji ya kuangalizia nitaileta ya kwetu, imeungua kidogo pembeni pale nilipokosea na waya mara ya kwanza lakini mtoto anaitumia mpaka leo.

Mama wa mtoto wa pumu,
Iringa