Shangingi likilala nyuma, lipimwe uzito kabla ya kununuliwa springi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo ambalo sisi mafundi wa Arusha tunaliona gerejini kila siku, na madereva wanaliona barabarani kila usiku. Ni haya mashangingi, yaani Land Cruiser na ndugu zake, yaliyolala nyuma. Simama Makuyuni, kwenye njia ya kwenda mbugani, saa moja jioni, magari ya watalii yanaporudi kutoka mbugani, uyatazame kwa ubavu. Mengi pua iko juu na mkia uko chini, na taa zake, hata dereva akiwa ameshazishusha, zinampiga usoni anayekuja. Dereva wa Fuso anayepishana nalo anaona amewashiwa full makusudi, naye anajibu kwa zake. Hapo watu wawili wanapishana kwa kasi bila hata mmoja kuona ukingo wa lami, wala ng'ombe, wala mtoto mwenye baiskeli.

Mwenye gari akilalamikiwa, anampelekea fundi umeme gari ashushiwe taa. Siku gari likiwa tupu, taa hizo zinamulika mita chache tu mbele ya bampa. Taa hazikuwa na kosa. Kilichochoka ni springi za nyuma, na ndizo ninazotaka kuzisemea, kwa sababu zinatibiwa vibaya na watu wanaoweza kabisa kuzitibu vizuri.

Tiba iliyozoeleka ni raba. Kijana anakata vipande vya tairi kuukuu au ananunua raba dukani, anazisukumia katikati ya mizunguko ya springi, gari linanyanyuka, mteja anafurahi, anaondoka. Hivi karibuni nilishusha springi za nyuma za Land Cruiser 80, ile ya koili (springi za kuzunguka) mbele na nyuma, iliyokuwa imetembea na raba hizo katika barabara ya vumbi ya kutoka lango la Loduare, Ngorongoro, kwenda lango la Naabi, Serengeti. Raba ilikuwa imeshika mchanga na unyevu. Chini yake rangi ya springi ilikuwa imekwisha kabisa, kutu imekula chuma vishimo vishimo. Mzunguko uliokuwa juu ya raba na ule wa chini yake ilikuwa imebanwa isifanye kazi, kwa hiyo mizunguko iliyobaki ilikuwa inajikunja zaidi ya ilivyopangiwa na kugongana yenyewe kwa yenyewe. Pale ilipogongana chuma kilikuwa kinang'aa kama shilingi mpya. Springi hukatika hapo hapo, kwenye kishimo cha kutu, na haikatiki ukiwa umeegesha. Inakatika umeshika kona na abiria saba.

Tiba ya pili ni mbaya kuliko hiyo: kuipasha springi moto, kuivuta irefuke, kisha kuimwagia maji au oili. Chuma cha springi kilipewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukikichoma kwa gesi kando ya barabara, unaondoa ugumu huo sehemu moja na kuacha sehemu nyingine imekakamaa kama kioo. Mimi gari lililofanyiwa hivyo silirudishii springi zile zile, hata mwenye nalo akiniambia hana pesa.

Mhariri, wengi hawajui springi inachoka vipi. Koili iliyolala haijawa laini sana. Ugumu wake karibu uko pale pale, ila imepungua urefu, kwa sababu imebebeshwa kupita kiasi muda mrefu hadi chuma kikakubali kubaki kimekunjamana. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenye gari si kutaka kulinyanyua kwa kiasi gani. Swali ni hili: gari hili siku hizi linabeba nini ambacho Toyota hawakukiweka?

Hapo ndipo hesabu inapofumbua macho. Anakutajia bampa la chuma na winchi mbele. Kerea ya mizigo juu ya paa. Tairi la pili la akiba na ringi yake, kama kilo 35 hadi 40. Betri ya pili ya kuendeshea friji, na friji yenyewe. Tangi la ziada la lita 90, ambalo likijaa dizeli ni kilo kama 75, maana lita moja ya dizeli haifiki kilo. Katoni moja ya maji ya chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18, na hakuna dereva wa safari anayetoka na katoni moja. Paa la kufunguka lenye fremu ya chuma. Viti vilivyoongezwa. Halafu ndipo wanapanda watu na mabegi. Springi za kiwandani zilipangiwa gari la familia linalopakia mara moja moja. Hili halishushi mzigo hata likilala gereji.

Ndiyo maana nasema gari lipimwe uzito kwanza. Mizani ya barabarani ni ya magari ya kuanzia kilo 3,500, kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, kwa hiyo shangingi la mtu binafsi hupita pembeni maisha yake yote bila kujua uzito wake. Lakini maghala ya mahindi na viwanda vya kahawa vina mizani, na ukienda kwa heshima wakiwa hawana foleni wanakupimia. Pakia gari kama unavyosafiri, watu wakiwa ndani, tangi limejaa. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, andika. Pandisha gari lote, andika. Toa cha kwanza kwenye cha pili, umepata uzito uliokalia ekseli ya nyuma. Karatasi hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani.

Kwa sababu dukani mambo ni haya: muuzaji anasimamisha springi mbili juu ya kaunta, moja ndefu na moja fupi, anakwambia ndefu ndiyo ngumu. Si kweli. Urefu hausemi ugumu. Ugumu unatokana na unene wa waya, yaani chuma kilichozungushwa kuwa springi, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi, na unene ndio mkubwa wao. Springi ya waya wa milimita 18 ikilinganishwa na ya milimita 16, mengine yote yakiwa sawa, ni ngumu zaidi kwa asilimia 60. Milimita 2 tu! Jicho halizioni, lakini kalipa, kipimo cha mkononi cha kupimia unene, hata ya bei ndogo inazipima. Nenda na kalipa yako, kaka, usione haya.

Watengenezaji wakubwa wa Australia wanalijua hili zamani. Springi za nyuma za gari moja lile lile wanaziuza kwa madaraja: za gari tupu, za gari lenye mzigo wa kudumu wa kadiri, za gari lililojazwa muda wote, kila daraja na kilo zake na namba yake. Tatizo ni kwamba zikifika huku boksi linatupwa, na wateja wetu wakiona kuna daraja la juu wanalitaka hilo hilo, wakidhani gumu ndilo bora. Gari lenye springi ngumu kuliko mzigo wake linarukaruka kwenye viwimbi vya barabara ya vumbi, tairi linaachana na ardhi, dereva anashika breki hakuna cha kushika. Shokapu zinachemka. Mabano ya chesisi yanaanza nyufa. Na mama wa miaka sabini aliyetoka kwao kuja kuona nyumbu anashuka Seronera, katikati ya Serengeti, ameshika kiuno. Tena springi mpya haiongezi uwezo wa ekseli wala breki wala chesisi. Kama karatasi ya mizani inasema umezidi, dawa ni kupunguza mzigo.

Kwenye kufunga ningekuwa na mengi, ila niseme mawili matatu ambayo hata mafundi wenzangu wanayaruka. Seti nyingine zina springi ya kulia na ya kushoto, hazilingani, zimeandikwa; kijana akizichanganya gari linalala upande mmoja, na mwenye gari anaona ameuziwa feki. Bolti za mikono na rodi za ekseli, zinazopita kwenye bushi za raba, zisikazwe gari likiwa limening'inia juu ya jeki. Zikazwe limesimama kwa magurudumu yake, kwenye kimo chake kipya, maana bushi ikikazwa vinginevyo inabaki imesokotwa muda wote na kuchanika mapema. Shokapu nazo ziendane na springi, kwa sababu shokapu laini haiwezi kuituliza springi ngumu. Kwa magari ya springi za bapa nyuma, kama yale ya familia ya 70, yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza.

Kubwa kuliko yote ni breki. Land Cruiser nyingi za zamani zina valvu iliyofungwa kwenye chesisi, na kirodi chake kimeshika ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kujua mzigo. Bodi ikishuka karibu na ekseli, valvu inaelewa gari limebeba, inapeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Bodi ikiwa juu, inapunguza, ili magurudumu ya nyuma ya gari tupu yasifunge na kulipeleka gari mtaroni. Sasa wewe umelinyanyua inchi 2 kwa springi mpya na hukukigusa kirodi. Valvu inaamini gari ni tupu, kumbe lina watu saba, na linateremka Rhotia kwenda Mto wa Mbu huku breki za mbele zikibeba karibu kazi yote. Kukirekebisha kirodi hicho ni kazi ya spana mbili. Nimepokea magari yaliyonyanyuliwa katika gereji zenye majina, kirodi kiko vile kilivyotoka kiwandani.

Na kwa vijana wetu wanaojifunza kazi: springi ya mbele ya Prado, iliyovaa shokapu katikati, msiifungue kwa kuibana na waya au kamba. Imehifadhi nguvu ya kuvunja taya. Bosi wa gereji anunue kibanio chenye skrubu na kulabu imara, na asimkabidhi mwanafunzi kazi hiyo peke yake. Kama hana kibanio, gari liende kwa mwenye nacho.

Ombi langu, Mhariri, ni kwa makundi matatu. Wauza spea waache boksi na springi vikae pamoja, na wanaouza za mtumba waandike kwa chaki unene wa waya na gari zilikotoka. Wakaguzi wanaobandika stika wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama watafute namna ya kukagua taa za magari ya safari yakiwa yamepakia, kwa kuwa ndivyo yanavyotembea. Na wenye kampuni za utalii, ambao ni wateja wangu na ninawaheshimu, wapime kila gari mara moja kabla msimu wa kiangazi haujaanza na kubandika karatasi ya mizani ndani ya mlango wa dereva. Gari likija gerejini na karatasi hiyo, mimi na mafundi wenzangu tutaanzia hapo.

Fundi wa magari,
Unga Limited, Arusha